Mwendo wa Saa Tisa Kutoka Bwawani

Barua ilifika Jumatatu, na aliyeileta hakutaka hata kukaribishwa ndani. Ilitoka ofisi ya maji ya mkoa. Mama Sentimita aliisoma akiwa amesimama mlangoni, miwani imemteremka puani, akaisoma tena, kisha akamwita wifi yake aliyekuwa uani akianua nguo.

"Wifi, hebu njoo unisomee hii. Labda macho yangu ndiyo mabaya."

Wifi akajifuta mikono kwenye kanga, akaisoma kwa sauti. Ilisema kwamba takwimu za kituo cha darajani kwa miaka mitatu iliyopita zilikuwa zinatia shaka. Miezi ya kiangazi, kina cha mto kiliandikwa kile kile asubuhi na alasiri, wiki nenda wiki rudi, kana kwamba mto umelala usingizi. Mtaalamu angekuja kukagua. Baada ya ukaguzi, kituo huenda kikafungwa.

"Wanasema unaandika ukiwa kitandani," wifi alisema.

"Hawakusema hivyo."

"Wamesema kiofisi. Maana yake ndiyo hiyo."

Mama Sentimita akaikunja barua, akaitia kwenye kabati pamoja na vyeti. Siku hiyo hakula mchana.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa jingine, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Sentimita kwa sababu ukimuuliza mto ukoje, hakukwambia umejaa wala umepungua, alikwambia, "Sitini na moja." Kila siku ya Mungu, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, alishuka ngazi za saruji chini ya daraja, akasimama mbele ya ubao mrefu wa chuma uliochorwa mistari kama rula, akatazama maji yameishia wapi, akaandika kwenye daftari. Kazi yenyewe ilichukua dakika kumi, ila haikujua udhuru. Ukiumwa unashuka, mvua ikikupiga unashuka. Baba yake aliifanya kwa miaka kumi na tisa, na yeye alikuwa kwenye mwaka wake wa ishirini na sita. Siku waliyomzika baba, alitoka makaburini na nguo zake za msiba, akapitia mtoni, akaandika mita mbili na sentimita kumi na nne, ndipo akarudi nyumbani kupokea pole.

Bwawa lilijengwa katika mwaka wake wa tisa kazini, kilomita arobaini juu ya mto, kwa ajili ya umeme. Mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, alipata kazi huko: kwanza mlinzi, kisha akasomeshwa, akawa mwendesha mitambo. Alikaa kambi ya wafanyakazi na kurudi mara mbili kwa mwezi. Mkewe hakuipenda kambi ile, akabaki darajani na wifi yake, na wanawake hao wawili walielewana kuliko mtu na mumewe. Walilisema wenyewe, wakicheka, hata mbele ya mume.

Mtaalamu alifika Alhamisi. Mama Sentimita alikuwa amejiandaa kupambana na bwana mkubwa mwenye kitambi; akashuka garini binti mwembamba wa miaka thelathini hivi, buti mpya miguuni, kompyuta kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesema mimi mwongo?"

"Si mimi niliyeandika barua, mama. Lakini ndiyo, nimekuja kwa ajili hiyo."

Jibu hilo la moja kwa moja lilimpunguzia Mama Sentimita nusu ya hasira. Akamshusha ngazi hadi ubaoni. Ilikuwa saa tatu na dakika chache. Maji yalikuwa kwenye hamsini na nane, yametulia, yanapita polepole kati ya mawe.

"Jana ilikuwa ngapi?" Mtaalamu aliuliza.

"Hamsini na nane."

"Na juzi?"

"Hamsini na tisa. Uliza hata ya mwezi uliopita, nitakutajia. Lakini wewe unatazama maji. Tazama ubao."

Mtaalamu akatazama. Juu ya maji, chuma kilikuwa kimeloa. Tope jepesi, bado bichi, lilikuwa limeshikamana na mistari mpaka juu kabisa, karibu na kifua chake. Akainama akasoma: mita moja na sentimita arobaini na mbili.

"Mvua ilinyesha jana?"

"Hapa hatujaona tone mwezi wa tatu huu."

"Sasa haya yalitoka wapi?"

Mama Sentimita alimfungulia daftari na kumwekea kidole kwenye safu ya mwisho, ile nyembamba ya pembeni iliyoandikwa juu yake "Maelezo." Kila siku, kwa mwandiko mdogo wa kujibana, paliandikwa: *ubao umeloa hadi 1.40. Ubao umeloa hadi 1.38. Tope hadi 1.42, maji yameshashuka.* Kurasa nzima, miaka mitatu nzima.

Mtaalamu alifunua, akafunua, kisha akafunga macho kidogo kama mtu aliyejikwaa.

"Mama, ofisini tunaingiza namba mbili tu. Ya saa tatu na ya saa tisa. Safu hii hakuna anayeiingiza."

"Basi nani anaisoma?"

"Hakuna."

"Mimi nilidhani mnanisoma mkanyamaza," Mama Sentimita alisema. "Kumbe hamkunisoma kabisa."

Kesho yake walishuka pamoja saa kumi na moja alfajiri, kukiwa kunapambazuka. Si Mama Sentimita pekee aliyejua habari za mto wa alfajiri. Kwenye ukingo walimkuta Bwana Mpira, jirani mkulima wa mboga, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuonekana popote bila mpira wa pampu begani. Alikuwa ameikokota pampu yake juu kabisa ya kingo, akaifunga kwa kamba kwenye nguzo kama mtu anayefunga ng'ombe mkorofi.

Chini yao, mto waliouacha jana ukiwa mpole ulikuwa umefunika mawe yote, una rangi ya udongo, unavuma. Ubao ulisema mita moja na arobaini na moja.

"Huu mto unaamka kabla ya watu," Bwana Mpira alimwambia Mtaalamu. "Unakuja saa kumi, unaondoka saa mbili. Umeshanichukulia pampu mbili. Hii ya tatu nimeiambia, ukienda, tunaenda wote."

"Umetoa taarifa?"

"Nimeenda mpaka ofisi za bwawa. Wakanionyesha karatasi yenye namba za kituo hiki hiki." Akamtazama Mama Sentimita kwa jicho la pembeni. "Wakaniambia, mzee, mto wenu haupandi wala haushuki, sisi tufanyeje? Nenda kaulize mvua."

Mama Sentimita alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Miaka mitatu namba zake, za kweli kabisa, zilikuwa zinatumika kumfunga mdomo jirani yake.

Mtaalamu alibaki siku kumi. Mchana walikaa sebuleni kwa Mama Sentimita, wakasukuma makochi ukutani, wakatandaza madaftari sakafuni: ya baba upande wa dirisha, ya miaka ya mwanzo ya bwawa katikati, ya karibuni mlangoni. Mtaalamu alikuwa amekuja pia na namba za kituo kingine, kilichokuwa juu ya bwawa, ambako mto ulikuwa bado haujaguswa na mtu. Wifi alipita akiruka karatasi kama anayevuka tope, akilalamika kwamba siku hizi chai hata pa kuiweka hakuna.

Mama Sentimita alikuwa na hakika ya kile watakachokikuta. Baba yake, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa amelichukia bwawa kabla hata halijajengwa, na yeye alirithi chuki ile pamoja na daftari. Lakini madaftari ya baba yenyewe hayakumuunga mkono moja kwa moja. Enzi zake, mto ulipanda na kushuka kwa kufuata mvua: mwaka mmoja mita nne na tisini, maji yakaingia sokoni; mwaka mwingine sentimita ishirini na mbili, watu wakivuka wamebeba viatu mkononi. Bwawa lilipokuja, mafuriko yalikoma, na kiangazi mto haukushuka chini ya themanini kwa miaka kumi na mmoja. Mashine zilizunguka mchana na usiku, na maji yalishuka bila kukatika. Hiyo ilikuwa miaka mizuri. Bwana Mpira alinunua pampu yake ya kwanza wakati huo.

"Kisha ona hapa," Mtaalamu alisema, akigonga karatasi za kituo cha juu. "Miaka sita hii. Mvua zinachelewa mwezi, mwezi na nusu. Zikija, zinakuja kwa kishindo siku chache, zinakata. Miaka miwili kati ya hii sita, mto ulikauka kabisa juu ya bwawa. Sifuri, mama. Wiki tano."

"Sifuri?"

"Bila bwawa, hapa kwenu pia pangekuwa sifuri."

Mama Sentimita alishika tama. Hakutegemea kulisikia hilo, na hakulipenda.

"Sasa ya alfajiri je?"

"Ndiyo hiyo inayofuata. Ziwa la bwawa halijai tena kama zamani. Kwa hiyo miaka mitatu hii wanabana. Mchana kutwa wanafunga, maji yanajikusanya. Jioni mjini watu wakiwasha taa na majiko, wanafungulia yote kwa saa nne, wanafunga tena. Maji yanatembea saa tisa mpaka hapa. Yanayotoka saa moja jioni, yanawafikia saa kumi alfajiri."

"Kwa hiyo kosa ni la nani? La mvua au la bwawa?"

"Ukilitenganisha, mama, unaikosa maana. Mvua imebadilika, na bwawa likabadilika kwa sababu ya mvua. Nyie mnapata vyote viwili kwa mpigo."

Jumamosi ya wiki ile ile mdogo mtu akaja nyumbani kwa mapumziko. Aliona madaftari sakafuni, akaona kompyuta, akaonekana kama mtu aliyekuta kikao cha kumjadili.

"Dada, mnafanya nini?"

Akaelezwa. Alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Mtaalamu, kwa busara, akatoka nje kupiga simu.

"Mimi napigiwa simu kutoka makao makuu," mdogo mtu alisema. "Washa mashine ya kwanza, nawasha. Zima, nazima. Unataka kunipaka matope mimi?"

"Nani kakutaja wewe?"

"Watu wakisema bwawa, hapa mtaani wanamwona nani? Wanamwona meneja? Wananiona mimi!"

"Mdogo wangu, nilikuuliza habari za mto mwaka ule wa kwanza ubao ulipoanza kuloa. Ukanijibu nini?"

Akaigeuza kofia mkononi.

"Ulinijibu, dada, usijali. Basi sikujali. Nikaandika pembeni."

Mdogo mtu alikula chakula cha mchana, akaagana na mkewe mlangoni, akarudi kambini jioni hiyo hiyo, siku moja kabla ya zamu yake kuanza, akaomba kuingia zamu usiku ule ule. Kama angebaki, mwenzake mwingine ndiye angekuwa zamu usiku ule. Alilifikiria jambo hilo mara nyingi baadaye.

Jumapili ilikuwa siku salama. Kila mtu wa kando ya mto alilijua hilo: Jumamosi usiku mjini viwanda vimefungwa, bwawa halifungulii sana, na Jumapili mto hulala. Ndiyo siku ambayo wanawake walishuka mtoni na mazulia na mablanketi, vitu vizito ambavyo maji ya ndoo hayavitoshi. Mama Sentimita alishuka saa tatu, akasoma hamsini na saba. Ubao ulikuwa mkavu juu ya hapo. Alipanda ngazi akamkuta wifi yake ameshafunga mzigo wa mablanketi.

"Vipi huko?"

"Hamsini na saba. Pakavu. Nenda tu."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Baadaye aliyarudia kwa polisi, kwa meneja, na kwa kaka wa wifi aliyesafiri kutwa kuja kuuliza, na kila mara aliyasema yale yale bila kuyapunguza.

Kilichotokea ni kwamba usiku wa kuamkia siku ile kituo kingine cha umeme, mbali kabisa na hapo, kilikuwa kimeharibika. Saa nane usiku simu ililia bwawani: washa mashine zote mbili. Mdogo mtu akawasha zote mbili. Aliandika saa kwenye kitabu cha zamu, akatia sahihi.

Saa nne asubuhi wifi alikuwa katikati ya mawe, maji kwenye vifundo vya miguu, anakanyaga blanketi. Alisema hakusikia kitu. Aliona tu blanketi lenyewe linaondoka, kama lililovutwa na mtu, akaliwahi, na alipoinua kichwa jiwe alilokuwa amesimama juu yake lilikuwa limeshafunikwa. Maji yakampiga magotini, kisha kiunoni, kisha hakuwa na cha kukanyaga.

Bwana Mpira alikuwa bustanini mita mia mbili chini. Alisikia wanawake wakipiga yowe na kuona kitu chekundu kinapita, akadhani ni blanketi, kisha akaona mkono. Pampu yake ilikuwa majini tangu asubuhi, maana ilikuwa Jumapili. Hakuigusa. Aliung'oa mpira, ule mrefu wa mita ishirini, akajifunga ncha moja kiunoni, nyingine akamtupia mwanawe wa kiume, mtu mzima mwenye watoto, akaingia. Alimkamata wifi kwenye kona ambako mto hupinda na kugonga kingo. Mto ulikuwa umemgonga kingoni pia. Bega lilikuwa limevunjika, na ameshakunywa maji ya kutosha.

Mama Sentimita alifika akikimbia pekupeku. Wifi alikuwa amelazwa ubavu, anatapika, na alipomwona alijitahidi kusema kitu.

"Usiseme, wifi."

"Mablanketi," wifi alisema. "Yote manne."

Ndipo Mama Sentimita akalia. Alilia kwa sauti, yeye ambaye mtaani walisema ana uso mkavu kama ubao wake. Alipomaliza kulia, na gari la kwenda hospitali limeshaondoka, alishuka ngazi peke yake. Haikuwa saa tatu wala saa tisa. Aliandika hata hivyo: *saa tano na robo asubuhi, 1.93.*

Mdogo mtu alifika hospitali jioni, bado ana sare za kazi. Mkewe alikuwa amefungwa bega na mkono, amelala. Alikaa upande wa pili wa kitanda, akimtazama dada yake juu ya shuka.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Kama saa nne."

Alihesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji. Nane, tisa, kumi, kumi na moja. "Kwa mashine mbili yanakuja haraka zaidi," alisema. "Saa nane badala ya tisa." Kisha akajiinamia, paji la uso kwenye chuma cha kitanda. "Dada, ni mimi. Hayo maji nimeyatoa mimi."

"Na mimi ndiye niliyemwambia aende," dada yake alisema. "Kaa vizuri, usimwamshe."

Kikao kilifanyika baada ya wiki mbili, katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wakiwa wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Meneja wa bwawa alikuja na msaidizi. Hakuwa mtu mbaya. Alitoa pole ndefu na ya heshima, kisha akasema alichokuja kukisema: kwamba mvua zimeharibika, ziwa limeshuka, na kwamba takwimu rasmi za serikali hazionyeshi mto kupanda.

"Mimi mvua haijawahi kunichukulia pampu siku ya jua kali," Bwana Mpira alisema kutoka nyuma, na darasa likacheka cheko la uchungu.

Mtaalamu akasimama akaeleza. Alichora ubaoni mistari mitatu kwa chaki, ya enzi za baba, ya miaka mizuri, na ya sasa. Hakumpendelea mtu. Alipofika kwenye zile wiki tano za sifuri, wakulima wakaguna, na mmoja akauliza binti huyu ameletwa na nani. Alipofika kwenye maji ya alfajiri, meneja ndiye aliyekunja uso.

"Hizi za alfajiri ni za siku kumi tu," meneja alisema. "Na zilizobaki ni maelezo ya pembeni ya msomaji. Tope kwenye ubao. Kwa heshima zote, mama, tope si kipimo."

Mama Sentimita alifungua mdomo kujibu. Lakini mdogo wake, aliyekuwa ameketi dirishani nyuma ya msaidizi wa meneja, alishasimama.

"Vitabu vya zamu tunavyo," alisema. "Kila kufungua na kufunga kumeandikwa. Chukua siku yoyote, ongeza saa tisa, halafu tazama daftari la dada. Zitakutana." Akawageukia waliokaa kwenye madawati. "Ile ya Jumapili niliiandika mimi. Saa nane usiku. Aliyesombwa ni mke wangu. Mnajua wote."

Meneja akamgeukia. "Hili tungelizungumza kwanza ofisini," alisema taratibu.

"Ndiyo, bosi. Tungelizungumza."

Vitabu vya zamu vilikuja. Mtaalamu na Mama Sentimita walivilinganisha na safu ya pembeni, siku kwa siku, miaka mitatu. Zilikutana zote isipokuwa siku kumi na moja; saa kadhaa zilikuwa zimeandikwa vibaya bwawani, na moja aliikosea Mama Sentimita mwenyewe, akakubali.

Kilichopatikana hakikuwa kikubwa sana, lakini kilikuwa kitu. Kituo hakikufungwa, kiliongezewa kipimo cha saa kumi na mbili asubuhi, na safu ya maelezo ikaanza kuingizwa kwenye kompyuta. Bwawa lilikubali kuacha maji kidogo yapite mchana kutwa badala ya kufunga kabisa, ili mto usishuke mno halafu upande ghafla. Wakulima walitaka maji mengi zaidi ya hayo. Meneja alitaka machache zaidi. Wakaishia pale ambapo kila upande ulinung'unika. Na kubwa kuliko yote, ambalo Mama Sentimita alishangaa kwamba lilihitaji mtu kuvunjika bega ndipo lifikiriwe: mashine ikiwashwa nje ya ratiba, mwendesha mitambo anatuma ujumbe wa simu darajani. Maji yanahitaji saa tisa kufika. Ujumbe unafika kabla hujaiweka simu mfukoni. Akiupata, Mama Sentimita anafunga kitambaa chekundu darajani, na kila anayekiona anajua.

Mdogo mtu alihamishwa kwenye karakana. Hakuna aliyemwambia ni adhabu. Alipaka grisi na kupanga spana kwa miezi saba, akarudishwa kwenye mitambo mwenzake alipostaafu. Mkewe alipona, ila bega lilikaa upande. Hakumlaumu mumewe wala wifi yake. Aliwahi kusema mara moja tu, akijaribu kufunga kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja, "Mngekuwa mnaongea, nyie wawili, haya yote yasingenifika." Wakakubali kwamba ni kweli.

Masika yaliyofuata yalichelewa wiki tano, kisha yakaja kama yaliyotumwa. Ziwa lilijaa kwa siku kumi na tisa. Saa nane mchana siku moja ujumbe ulifika: "Dada, tunafungua milango mitatu sasa hivi. Mengi." Kitambaa kikafungwa, na kwa mara ya kwanza Mama Sentimita alipita nyumba kwa nyumba pia. Kabla ya jua kuzama pampu zote zilikuwa juu, na familia nne za bondeni zimehamia shuleni. Mto ulifika mita tatu na sabini. Maji mengi, waligundua, hayangoji saa tisa, yalichukua saba. Akalikariri hilo, akamwandikia Mtaalamu. Hakuna aliyepotea, ingawa bustani tatu zilikwenda na udongo wake.

Mwaka uliofuata mvua hazikuja kabisa. Ziwa lilishuka mpaka mashine zikazimwa, na bwawa likabaki linapitisha yale machache yaliyokubaliwa. Ubao ulisoma thelathini na moja, chini kuliko miaka yote ya bwawa. Simu haikulia tena na kitambaa kilikaa kabatini. Wakulima wakakutana darasani kwa hiari yao, bila meneja wala Mtaalamu. Hawakumtafuta mwenye kosa. Walimuuliza Mama Sentimita maji hayo yanatosha pampu ngapi kwa siku. Akawaambia tatu, si zaidi, na kwa nusu siku. Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Bwana Mpira alitaka siku mbili kwa wiki, kwa kuwa bustani yake ni kubwa. Wakamnyima, wakampa Jumatano. Wifi, ambaye sasa alilima kishamba cha mchicha karibu na kona ya mto, aliiandika zamu yote kwenye karatasi moja na kuibandika kwenye ukuta wa duka la mtaani.

Jumatano ya kwanza Bwana Mpira aliwasha pampu saa kumi na mbili, akaizima saa sita kamili ingawa matuta mawili yalikuwa bado makavu. Aliyefuata kwenye karatasi alikuwa wifi. Akamtazama anavyohangaika na mkono mmoja, akaweka chini mpira wake, akaenda kumsaidia kufunga wa kwake.